Primula zimeoza kibondeni, nyingine zimeng'oka bila mizizi: nifanyeje?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Argyll, magharibi mwa Uskoti. Nyuma ya nyumba nina bustani inayoteremka hadi kwenye kibonde chini ya mialoni miwili. Majira ya baridi kibonde hicho hakikauki, ukikanyaga buti linazama. Jirani aliniambia panafaa sana primula kandelabra, kwa kuwa ni maua ya kinamasi. Mwaka juzi mwezi wa tano nilinunua miche tisa, ya rangi ya machungwa na ya zambarau. Vibandiko viliandikwa bulleyana na beesiana. Mwaka ule ilichanua vizuri mno. Machipuko yaliyofuata, sita ilikuwa imegeuka uji wa kahawia. Miwili iliyokuwa pembeni, juu kidogo, ilinyauka mwezi wa nne, na nilipoishika ikang'oka yenyewe bila mizizi. Umebaki mmoja, nao kila ikifika Juni majani hulala. Je, niongeze maji? Niweke mbolea, au ule udongo mweusi unaochimbwa kinamasini? Mbegu nilizopanda ndani dirishani mwezi Machi hazikuota hata moja. Na mama yangu yuko Lushoto, ameona picha na anaomba mbegu. Zitakubali kule?"

JIBU: Pole kwa miche yako, na asante kwa kueleza kila mche ulikuwa wapi na ulikufaje, maana bila hayo ningekupa jibu la kubahatisha. Unauliza kama tatizo ni moja. Mimi naona matatizo matatu. Ile sita imekufa kwa kukosa hewa kwenye mizizi wakati wa baridi. Ile miwili imeliwa mizizi na wadudu. Na huu mmoja uliobaki una kiu, hata kama uko kwenye bustani inayozamisha buti. Ukiongeza maji utamsaidia huyu mmoja kwa miezi miwili, kisha utamuua kama wenzake.

Tuanze na jirani yako, kwa sababu alichokuambia husemwa na wengi, na kina ukweli ndani yake. Primula kandelabra hupenda unyevu kuliko karibu maua yote ya bustani. Ukiziona zimejipanga kando ya kijito, maua yakizunguka shina ghorofa juu ya ghorofa, ni rahisi kuamini kwamba zinaishi majini. Ila angalia mizizi imeshika wapi. Imeshika ukingoni, ambako maji yanapita chini yake na hayatuami. Kwa mmea huu, udongo wenye unyevu na udongo uliojaa maji ni mahali pawili tofauti kabisa.

Asili ya miche yako inaeleza mengi. Zote mbili, bulleyana na beesiana, zililetwa Uingereza kutoka milima ya Yunnan, kusini-magharibi mwa China, na George Forrest. Huyu alikuwa Mskoti aliyefanya kazi kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya bustani ya kifalme ya Edinburgh, kisha mwaka 1904 akatumwa Yunnan na Arthur Bulley, mfanyabiashara wa pamba wa Liverpool aliyekuwa na duka la mbegu na miche lililoitwa Bees. Ndiyo maana moja ina jina la tajiri na nyingine jina la duka lake. Kule milimani, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000, mvua kubwa ya monsuni hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, wakati mmea una majani makubwa na unakunywa kwa nguvu. Baridi ikiingia, mvua hukatika. Majani hukauka, mmea hujikunja ukabaki chipukizi kimoja kilichofumba usawa wa ardhi, na hulala hivyo kwenye udongo baridi usio na maji mengi.

Sasa linganisha na Argyll. Pwani ya magharibi ya Uskoti hupata mvua nyingi kuanzia Oktoba hadi Januari, na sehemu zake nyingi hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Miezi yake mikavu ni Aprili, Mei na Juni. Yaani kalenda ya mvua ya kwako iko kinyume na ya Yunnan: mmea unalowekwa ukiwa umelala, na unanyimwa maji ukiwa umeamka. Kila nitakachokushauri hapa chini kinatokana na jambo hili moja.

Kwa nini kulowekwa wakati wa usingizi kuue? Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni, na kwenye udongo mzuri oksijeni hupita katika vijitundu vilivyo kati ya chembe za udongo. Vijitundu hivyo vikijaa maji, hewa hupenya polepole mno, kiasi cha mara 10,000 pungufu ya kasi yake ya kawaida. Kile kidogo kilichomo huisha upesi, mizizi na bakteria wakikigombania. Mpunga huvumilia hali hiyo kwa sababu una njia za hewa ndani ya shina zinazopeleka pumzi hadi mizizini. Primula zako hazina njia hizo za kutosha. Ncha za mizizi hufa kwanza, kisha huja vimelea vya Phytophthora, ukoo mmoja na wale wanaoleta bakajani ya viazi na nyanya. Mbegu zao ndogondogo huogelea ndani ya maji ya udongo hadi kwenye mzizi uliokwisha dhoofu, na kuanzia hapo kuoza hupanda juu hadi kwenye moyo wa mmea, pale majani yanapoungana na mizizi. Ukiung'oa mmea kabla haujawa uji, shika mzizi mmoja uuvute kwa vidole. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza, ganda lake la kahawia hutoka lote kama soksi na kukuachia uzi mwembamba.

Kabla hujanunua mche mwingine, chimba shimo la sentimita 40 hapo kibondeni siku isiyo na mvua kati ya Novemba na Februari. Liache usiku mzima, kisha pima maji yamesimama umbali gani kutoka juu. Yakiwa karibu na uso wa ardhi kuliko sentimita 20, bulleyana na beesiana hazitadumu hapo hata uzipande vipi kwenye ardhi tambarare. Tazama pia rangi na unuse. Udongo wa kijivu cha bluu unaonuka mayai viza haujapata hewa kwa muda mrefu. Udongo wa kahawia wenye madoa ya kutu hupata hewa kwa vipindi, na huo una matumaini.

Ile miwili ya juu ni kesi nyingine kabisa. Mche unaong'oka mkononi bila mizizi, tena mahali ambapo maji hayatuami, karibu kila mara umeliwa na funza wa fukusi wa mizabibu. Kama umekulia kwenye migomba, fukusi unamjua. Huyu ni wa ukoo huohuo: mweusi, karibu milimita 9, haruki, hutembea usiku, na wote wanaoonekana ni majike wanaotaga bila dume. Mkubwa hula kingo za majani tu na kuacha mapengo ya nusu duara. Maafa yako chini. Mayai hutagwa udongoni majira ya joto, na funza hula mizizi kuanzia mwishoni mwa joto hadi machipuko. Chimbua pale miche ilipokuwa, chekecha udongo kwa vidole. Ukimwona funza mweupe wa maziwa, amejikunja mfano wa herufi C, kichwa kahawia, hana miguu, ndiye. Mara nyingi huletwa na udongo wa chungu uliotoka nao dukani, kwa hiyo siku hizi usipande mche wowote kabla ya kuutoa kwenye chungu na kukagua mizizi yake, hata muuzaji akikutazama vibaya.

Tiba ninayoiamini ni vijinyoo wa nematodi aina ya Steinernema kraussei. Huuzwa wakiwa hai kwenye pakiti ya kuwekwa kwenye friji, huchanganywa na maji na kumwagiliwa. Hufanya kazi udongo ukiwa na joto la nyuzi 5 au zaidi, na wakati mzuri ni Agosti hadi Oktoba, funza wakiwa bado wadogo. Udongo uwe na unyevu, usiwe umefurika. Hawamdhuru mtu, mbwa wala nyungunyungu. Usiku toka na tochi, okota wakubwa majanini. Dawa kali ya kumwagilia sikushauri kando ya maji, kwa sababu itaishia kwenye kijito.

Sasa kibonde chenyewe. Njia ya kwanza ambayo watu huikimbilia ni kuchimba mtaro na kuyatoa maji. Inaweza kufaa kama una mteremko wa kuyapeleka mahali pako mwenyewe, lakini mtaro kati ya mizizi ya mialoni miwili ni hatari kwa miti ambayo ina thamani kuliko maua yote tunayoyazungumzia. Tena ukikikausha kabisa, utakuwa umeondoa sifa ambayo wakulima wa bustani wa kusini mwa Uingereza wangekuonea wivu. Mimi nisingechimba.

Ningepandisha mimea juu. Tengeneza matuta, yaleyale ya viazi vitamu, ila mapana: upana wa mita moja, kimo cha sentimita 20 hadi 25 juu ya pale maji yanaposimama wakati wa baridi. Changanya udongo wa hapohapo na mboji ya majani kwa wingi, na kama ni mfinyanzi, ongeza changarawe ndogo isiyo na chokaa. Mizizi ikitaka maji itayafuata chini yenyewe, na moyo wa mmea utabaki pakavu wakati wa usingizi. Usilundike udongo kwenye shina la mwaloni wala kufunika eneo lote la mizizi yake, kwa sababu mizizi ya mti nayo inapumua. Visiwa vichache vilivyoachana, mbali na shina, vinatosha, na kwa macho yangu vinapendeza kuliko safu ndefu.

Panda wakati wa majira ya machipuko, si majira ya vuli, ili mche uwe na miezi ya kushika kabla ya mafuriko. Na kila mwisho wa baridi pita ukague, kwa sababu barafu huinua miche kutoka ardhini na kuacha mabega ya mizizi wazi. Ikandamize kwa vidole, uongeze mboji pembeni.

Njia nyingine ni kubadilisha aina, na hapa nitakuwa wazi: umeanza na mbili ambazo si rahisi zaidi kwa mahali kama pako. Inayovumilia maji ya baridi kuliko zote ni Primula japonica. Ni fupi kidogo, sentimita 45 hivi, nyekundu ya damu ya mzee ukichukua 'Miller's Crimson', nyeupe ukichukua 'Postford White', na hujipanda yenyewe kwa ukarimu. Inayofuata ni Primula pulverulenta, aliyoileta Ernest Wilson kutoka Sichuan mwanzoni mwa karne ya 20. Hiyo ndiyo niipendayo mimi: hufika hadi mita moja, ua ni jekundu la mvinyo lenye jicho jeusi zaidi, na shina lote limefunikwa unga mweupe unaobaki kidoleni ukiligusa. Ukipata Juni moja yenye ukungu wa asubuhi na mashina hayo yamesimama chini ya mwaloni, hutajuta kupandisha matuta. Bulleyana na beesiana zirudishe baadaye, juu kabisa ya tuta. Zikiwa karibu zitazaa chotara wa rangi za matumbawe, pichi na waridi, na mimi naona hao chotara ni zawadi, ingawa wapo wanaotaka kila aina ibaki safi.

Pale chini kabisa, ambapo maji hayaondoki, acha kulazimisha primula. Panda Caltha palustris, ambayo ni ya asili hapo Uskoti, huchanua njano kali mwezi wa nne, na haijali kusimama majini.

Tumrudie yule mmoja aliyebaki. Majani yanalala Juni kwa sababu mialoni huamka Mei. Mti mkubwa wenye majani mapya hunyonya maji mengi kwenye tabaka la juu la udongo, na hiyo ndiyo miezi yenu mikavu. Hapo ndipo umwagilie: jioni, polepole, mara moja au mbili kwa wiki kama mvua haikunyesha, udongo ulowe hadi kina cha kiganja. Maji ya mvua uliyoyakinga ndiyo bora. Ikifika Septemba acha kabisa. Zaidi ya kumwagilia, weka matandazo ya mboji ya majani unene wa sentimita 5 kila Machi, ukiacha moyo wa mmea wazi, maana ukiufunika unaoza kwa juu. Majani ya mialoni yako usiyachome. Yarundike kwenye kona iliyozungushiwa wavu, yalowane, uyaache mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Huwa meusi na laini, na hakuna unachoweza kununua kitakachokufaa zaidi.

Ndiyo sababu ule udongo mweusi wa kinamasini sikushauri. Unashika maji mno, na tatizo lako la baridi ni maji. Halafu huchimbwa kwenye maeneo yaliyochukua maelfu ya miaka kujijenga na yanayohifadhi kaboni nyingi. Mbolea nayo haina haja ukiwa na mboji. Ya nitrojeni nyingi huleta majani makubwa laini ambayo konokono wasio na gamba watakushukuru kwayo. Kuhusu kivuli usiwe na wasiwasi: jua linalochujwa na majani ya mwaloni ndilo linalotakiwa.

Mbegu. Nadhani ulizifukia na ukaziweka mahali pa joto, kama tufanyavyo na nyanya. Mbegu ya primula ni ndogo mno na inahitaji mwanga ili iote, kwa hiyo humwagwa juu ya udongo, ikagandamizwa kidogo, isifunikwe. Joto likipita nyuzi 20 nyingi hukataa kuota. Na mbegu kavu iliyokaa kwenye pakiti huingia usingizini, hadi ipitiwe na wiki kadhaa za baridi. Mwaga mwezi Desemba au Januari kwenye trei, funika kwa kioo, acha nje penye kivuli, baridi ifanye kazi yake. Njia nyepesi zaidi ni mbegu mbichi: mwezi wa nane vifuko vya mbegu vikianza kukauka, vunja, mwaga siku hiyohiyo. Hizo huota upesi. Jizoeshe kufanya hivyo kila mwaka, kwa sababu kandelabra nyingi haziishi miaka mingi, na bustani inayodumu ni ile inayojaza nafasi za waliokufa. Mashina yaliyo karibu kabisa na kijito, kama kipo, yakate kabla hayajamwaga mbegu, zisisafiri na maji hadi porini.

Mafungu yakinenepa, baada ya miaka mitatu hivi, yagawe mara tu maua yanapokwisha, kwa mikono, kila kipande kiwe na mizizi yake, umwagilie hadi kishike.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Ukichimba lile shimo ukakuta maji yananuka choo, au yana utelezi wa kijivu, au kibonde hakikauki hata baada ya wiki za jua, simama hapo. Nyumba nyingi za vijijini Argyll hutumia tangi la maji taka, na mara nyingi maji yake hutawanyika sehemu ya chini ya bustani. Mwite fundi wa matangi akague kabla hujaendelea kuchimba kwa mikono. Ukiona magome ya mialoni yanatoa utomvu mweusi, au rododendroni za jirani zinakauka matawi kwa wingi, toa taarifa kwa idara ya misitu ya Uskoti, Scottish Forestry, kwani kuna Phytophthora nyingine, ramorum, ambayo kuripotiwa kwake ni lazima kisheria. Na wewe mwenyewe, baadhi ya primula huwasha ngozi. Vaa glavu ukigawa, na vipele vikitoka na kuenea muone daktari.

Jambo moja la ana kwa ana ningependa ulifanye kwa raha tu: mwishoni mwa Mei au Juni tembelea bustani ya Benmore karibu na Dunoon, tawi la bustani ya Edinburgh, au Crarae hapohapo Argyll. Usitazame maua peke yake. Inama uone mimea imeinuliwa kiasi gani kutoka kwenye maji, na uwaulize watunzaji wanatumia nini chini yake. Hali yao ya hewa ni yako.

Na mama wa Lushoto. Aina ulizonazo zinahitaji baridi ya kuzilaza, na mji wa Lushoto, wenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hauna baridi hiyo. Ipo kandelabra moja ya njano, Primula prolifera, ambayo jamaa zake huishi karibu na vilele vya Gede na Pangrango kule Java, kati ya nyuzi 6 na 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo siwezi kusema jamii nzima haivumilii tropiki. Milima ya Ethiopia nayo ina primula yake, Primula simensis. Lakini vilele hivyo ni baridi kuliko Lushoto, na kupeleka mbegu kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, upande wa Tanzania na cheti cha afya ya mimea kutoka huku. Usizitie kwenye bahasha. Tena mmea mgeni unaojipanda kwenye vijito singependa kuuona kwenye chemchemi za Usambara.

Mama ana hazina ya kwake. Ile urujuani ya Usambara, Saintpaulia, inayouzwa kwenye vyungu dunia nzima, ilitambuliwa na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892 katika milima hiyohiyo, na hupenda kivuli chenye unyevu na mizizi yenye hewa. Asiichimbe msituni, kwani baadhi ya aina zake zimebaki chache. Aombe jani moja kwa mwenye chungu, alichomeke kwa kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, litatoa mizizi na vimche ndani ya miezi michache.